Dada Aliyepona Ukumbini

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemaliza bafu la meneja wa benki. Vigae vimekaa kama vilizaliwa pale pale! Mwenyewe kaingia, kavua viatu, kasema tangu arudi kutoka ng'ambo hajaona kazi kama hii. Sawa, hakusema hivyo. Alisema "vizuri". Lakini macho yake niliyaona.

Saa ya chakula kaja Mkandarasi. Wanataka kujenga chemchemi kwenye mzunguko wa barabara kuu — maji yaruke juu, taa za rangi, beseni zima vigae. Vigae! Nani mwingine mji huu? Ila halmashauri imebakiwa na fungu moja tu mwaka huu, na linagombaniwa: chemchemi, au utafiti wa kansa pale hospitali. Keshokutwa wananchi wanatoa maoni ukumbini. "Injinia, njoo ujaze kiti," kasema. Saiti ndiyo wananiita hivyo, Injinia. Darasa la saba sikulimaliza, lakini ukuta hauulizi cheti.

Sikumwambia kwamba mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ndiye anafanya huo utafiti. Ningeanza ningejisifu mpaka jioni, na mgongo ulikuwa unauma.

Jumatano, 5 Machi

Kalamu inateleza. Nitaandika hivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mpwa wangu alisimama mbele na laptopu yake, kavaa lile gauni la bluu la mama yake, amelipunguza kiunoni. Akaeleza taratibu. Wanawake wa hapa wanapata kansa ya titi wakiwa bado vijana, mapema kuliko vitabu vinavyosema. Kwa nini? Hakuna anayejua. Dawa tunazoletewa zilijaribiwa kwa watu wa mbali. Kwa hiyo maabara yao inahifadhi vipande vya uvimbe kwenye friza, vya wanawake waliokubali wenyewe, wavichunguze. Fungu wakikosa, kazi inasimama.

Mwalimu mstaafu akanyanyuka: "Binti, hospitali hata dawa ya kichwa hakuna, utafiti wa nini?" Makofi! Nikajua kazi imekwisha. Mtoto wa dada hakutikisika. "Mwalimu, dawa ya kichwa ikija itaisha, tutaomba nyingine. Tukijua huu ugonjwa unaanzia wapi, kuna wanawake hawatafika kwetu kabisa."

Hata Mwalimu alikaa chini. Niliona watu wameanza kugeuka. Kifua kilinijaa, nikamgusa mtu wa kiti cha pili: yule damu yangu.

Hapo ndipo maiki ikapita safu yetu.

Naapa nilitaka kusema neno moja tu, kwamba yule ni mpwa wangu. Nikasema. Wakapiga makofi. Ingeishia hapo! Lakini Saruji, mchanganya zege wetu, akapaza sauti kutoka nyuma: "Injinia, wape ile ya dada yako!"

Ile ya dada. Saiti wanaijua kwa moyo. Dada ana kansa, madaktari wamekata tamaa, mimi napanda mlima kuchimba mizizi, chui ananikodolea macho, namkodolea na mimi, anaona aibu, anaondoka. Nachemsha. Dada anakunywa. Asubuhi anaomba jembe. Saiti hawajui kwamba alifariki. Aliishi mji mwingine, hapa alikuja kutibiwa tu, akazikwa kwake. Mimi ndiye sikuwaambia.

Nikaisimulia. Na chui wake! Watu wakavunjika mbavu, na mimi watu wakicheka huwa sijui breki iko wapi. Nikatia chumvi. Nikasema dada sasa hivi anacheza muziki kunishinda. Halafu likanitoka, sijui limetokea wapi: "Utafiti ulishafanyika jikoni kwangu, tena bure!"

Ukumbi ulitikisika. Mwenyekiti wa halmashauri akavua miwani, akafuta machozi, akamgeukia mpwa wangu. "Basi huyo dada ndiye mama yako, binti. Eti ni kweli anayosema mjomba?"

Akaniangalia. Maiki bado ilikuwa mkononi mwangu. Hakuna aliyeniziba mdomo.

Na yeye angeweza. Maneno mawili tu — mama alifariki. Lakini dada hakumlea hivyo. Kwao mjomba hasutwi mbele ya watu. Hata nikisema jua limetoka magharibi, ataitikia, halafu nyumbani ndiyo atanicheka. Akainamisha macho.

"Mjomba ameshasema," akasema. Akafunga laptopu.

Wakanyoosha mikono. Chemchemi.

Alhamisi, 6 Machi

Mkandarasi kanipa beseni zima. Peke yangu! Ningekuwa mtu wa juzi ningeshajaza kurasa.

Njiani wananiita Daktari. Mke wangu hakuuliza ukumbini kulikuwaje. Aliweka chakula, akakifunika, akatoka kwenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi. Yeye mazishini alikuwepo, ndiye alimshika mpwa wangu mkono.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda maabara. Nilizunguka jengo kwanza, nikakagua vigae vya korido (vibaya, vimepishana), nikaishiwa vya kukagua, nikagonga.

"Karibu, Mjomba." Kanipa kiti. Kanipa maji ya kunywa, glasi juu ya kisahani. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Nikamwambia mpwa wangu, yale ya juzi yalikuwa utani tu.

"Najua, Mjomba. Ulitaka watu wacheke."

Friza ilikuwa inanguruma pembeni, ndefu kama kabati la nguo. Akaniambia mle ndani mna kipande cha mama yake. Sikujua! Dada alikitoa mwenyewe, siku ambazo hata kukaa alikuwa hawezi. Aliuliza tu kama kitauma. Akasema chukueni, isije ikawa zamu ya binti yangu.

Na mimi siku hizo nilikuwa wapi? Pale pale hospitali. Kwenye benchi la nje, nawapa walinzi hadithi ya mamba.

Nikauliza sasa kitapelekwa wapi. Akasema hajui, wameziandikia hospitali kubwa wavipokee, hawajajibiwa. Mwenzake wa maabara kaanza kufungasha vitu vyake kwenye maboksi. Mimi nilikuwa nimekalia mojawapo.

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha: "Kwani saiti huwa unamsimulia kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Na kila siku anapona?"

Nilimaliza maji. Glasi nikairudisha kwenye kisahani.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi kaja jirani yetu, Mama Cherehani, aliyewashonea wanangu sare zote za shule. Kaja na chupa tupu, safi, imeoshwa mpaka inalia. Kaifunga kwenye kanga.

Kakaa. Kasalimia. Kauliza habari za kila mtu, hata kuku. Kisha akashika ubavuni, chini ya kwapa. Kuna uvimbe. Hajamwambia hata mwanawe. Hospitali wamempa siku ya kukatwa, Alhamisi ya tarehe ishirini. "Nimewaambia wasubiri kwanza, kaka. Kumbe dawa iko ukuta wa pili na mimi sijui!"

Nikamwambia dawa hakuna.

Akacheka. "Unataka nikubembeleze?"

Nikamwambia Mama Cherehani, ile hadithi ni uongo. Dada yangu alifariki. Nimekula mpaka chakula cha matanga yake.

Akaacha kucheka. Akaniangalia muda, kama anapima kitambaa. "Mpwa wako alikuwepo pale mbele. Msomi. Tena ni mama yake mzazi. Mbona hakukana?"

Nikamsogezea chupa yake.

Akaiacha chupa juu ya meza. Akasema atapita tena, nisione haya, anajua mizizi haichimbwi siku moja.

Jumanne, 11 Machi

Saa ya chai nimewaambia saiti nzima. Nilisimama juu ya mfuko wa saruji ili wote wasikie. Dada yangu hakupona. Mlima sikupanda. Alikufa, na siku anakufa nilikuwa natafuta mahali pa kuchaji simu.

Nilisema bila chumvi hata punje. Walikaa kimya, vikombe mkononi, na mimi nikadhani wameelewa. Kumbe wanamsubiri chui!

"Enhe?" akasema Saruji. "Halafu?"

"Halafu basi. Alikufa."

Wakaangua kicheko. "Leo kaja na mpya! Juzi anacheza muziki, leo kafa, kesho atafufuka atuletee chai!" Mwingine: "Daktari anaficha dawa, kaona wateja wamezidi!"

Nikatupa mwiko. Ukagonga boksi la vigae, kigae cha bluu kikapasuka, na hapo ndipo wakacheka zaidi. Miaka yote natafuta namna ya kuwachekesha hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu kaenda mwenyewe kwa Mama Cherehani. Kamwambia maiti aliiosha kwa mikono yake hii. Karudi mapema.

"Anasema mimi mke mwema, namfichia mume wangu siri yake."

Akakaa. Ndipo akaongea, mara ya kwanza tangu ukumbini. Kasema imani ya yule mama haitatoka kwa maneno yako wala yangu. Imeingia kwa mtoto wa marehemu, itatoka kwa mtoto wa marehemu.

Chupa bado iko mezani. Hakuna anayeigusa. Tunakula pembeni yake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudi maabara. Maboksi yameongezeka. Nimemweleza mpwa wangu habari za Mama Cherehani, chupa, tarehe ishirini. Hakushangaa. Akavua glavu.

"Kwa nini hukuniambia Jumapili ile ile?"

Niliona haya. Hilo ndilo jibu, na ni jibu la kijinga.

Nikamwambia nenda kamwambie, mwanangu. Nisute. Nisute mbele ya mtaa mzima, sitakasirika, niite muongo!

Akasema alikuwa kwa huyo mama jana. Kumbe Mama Cherehani alikwishakwenda kliniki kufuta tarehe, na muuguzi akampa mpwa wangu habari. Alimwambia kila kitu. Na yule mama akamwuliza: "Basi mjomba wako ni muongo?" Mpwa wangu akashindwa. Akasema mama alifariki, ila hilo la muongo hakulitamka. Mama Cherehani akashika hilo tu. Akasema haya, mmekubaliana ukoo mzima.

"Tarehe nimemrudishia," akasema. "Lakini kuja ni juu yake. Ulisema mbele ya watu, Mjomba. Kwangu hapa tuko wawili na friza."

Jumatatu halmashauri inakaa tena kuipitisha bajeti. Mwenye pingamizi anasikilizwa. Nimekwenda kujiandikisha. Karani kaniuliza pingamizi dhidi ya nini. Nikamwambia dhidi yangu. Akacheka.

Jumapili, 16 Machi

Nimejaribu kuyasema mbele ya kioo. Kila nikianza, mkono unanyanyuka wenyewe kuonyesha ukubwa wa chui.

Kazi ya beseni nitapoteza. Kazi nzuri vile. Naandika ili niione, halafu niiache.

Jumatatu, 17 Machi

Naandikia hapa hapa kwenye korido ya ukumbi, daftari gotini. Tumeambiwa tusubiri.

Saruji na wenzake wamejipanga safu ya kwanza, wameomba ruhusa saiti. Kuna watu ambao hata chemchemi hawaijui, wamekuja kwa ajili yangu. Mkandarasi kapita, kanipiga begani: "Daktari, usiwachoshe. Wape ya chui, tumalize."

Mama Cherehani amekaa kando yangu. Kaja na chupa — asubuhi alipita nyumbani akaichukua mezani. Anafikiri leo nitaitaja mizizi hadharani, maana kasikia nimejiandikisha kusema jambo zito. Kaniambia nisijali, kama naona aibu kumpa yeye peke yake, nitoe kwa wote, yeye ataridhika. Kaniletea na shati, kalipiga pasi. Kasema mtu asisimame mbele ya watu na ukosi ule.

Nimelivaa.

Mpwa wangu amekaa ng'ambo ya korido, gauni la bluu. Nimemfuata. Nimemwuliza polepole, wengine wasisikie: Mwenyekiti akikugeukia tena, akakuuliza kama ni kweli, utasemaje?

Kanitengeneza ukosi, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Nitasema Mjomba ameshasema."

Mlango umefunguliwa. Mlinzi anasoma jina langu, lile la cheti cha kuzaliwa, mpaka nimechelewa kujua ni mimi. Ndani kuna mtu kasema "Injinia huyo!" na wameshaanza kucheka, sijafika hata mlangoni. Mama Cherehani kasimama nami. Anafungua kifuniko cha chupa —