Safari Yako na Mkono wa Baba

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Kifua bado kinakusumbua, au baridi imekuonea huruma? Sisi hatujambo. Mama analalamikia magoti, ila akisikia kuna harusi magoti yanapona.

Unaijua kazi yangu mpya? Naifundisha kompyuta kupanga matukio: lipi lilitangulia, lipi limo ndani ya lingine, lipi lilisababisha lipi. Usicheke. Ukiiambia jogoo aliwika, kisha jua likachomoza, itataka kujua kama jogoo ndiye aliyelichomoza. Nami nimeambukizwa, kila kitu nakiuliza chanzo chake, mpaka Mama amenichoka.

Juzi nikaipa mambo yetu. Tangu Shangazi akwambie kwenye simu kwamba safari yako ndiyo iliyomwangusha Baba, hupigi tena, na barua zangu huzijibu. Inaniuma, kaka. Nikaandika: kaka alisafiri, Baba akaanguka, mkono ukapooza. Mashine ikauliza ugonjwa ulianza lini. Nikajibu, siku aliyoanguka. Ikaniganda: kabla ya hapo hakukuwa na dalili yoyote?

Loo, nikakumbuka ile suruali! Si Baba, fundi cherehani asiyekosea hata inchi, alimshonea mwalimu jirani suruali yenye mguu mmoja mfupi? Tulicheka mpaka machozi, nawe ukaigiza mwalimu anavyochechemea. Maana yake ulikuwa hujaondoka. Nikaiongeza hiyo, na mashine ikaitoa safari yako kwenye vyanzo. Kilichokuja nyuma hakiwezi kusababisha kilichotangulia.

Lakini mashine ni mashine, nikaona nimuulize mwenyewe. Baba alikunjakunja kitambaa kwa mkono mzima. Halafu akasema, "Vidole vilianza kufa ganzi zamani. Nilinyamaza ili mwenzako aende. Angejua, angebaki."

Nilimwita Shangazi, akasikia kwa masikio yake. Hakuomba radhi, unamjua alivyo, ila alilia, na chai yake hakuimaliza.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye anakusalimu, kwa sauti ndogo. Dada na mumewe wanauliza hali yako. Baba amekataa kutuma salamu kwa barua. Simu ameihamishia upande wa mkono unaofanya kazi, asije akachelewa kuipokea.

Mungu akutunze, akupe riziki na usingizi mwema.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinuna,
Kimbelembele