Glovu za Wifi

Jumamosi, 1 Novemba 1997

Mvua tena. Siku ya tano. Redioni wanasema ni Elinino, na hapa Mkuyuni sasa kila kitu ni Elinino. Ukuta ukianguka, Elinino. Mtoto akiharisha, Elinino.

Leo nimepanga vifaa vya baridi. Nilishachoka kuona makoti juu ya viti na soksi chini ya kitanda. Mtu akichungulia dirishani atasema tumerukwa na akili — Mwanza hii, jasho linatutoka, na ndani tumejaza nguo za theluji! Lakini ndiyo ugali wetu. Hellen wangu na wifi yangu Ng'washi wote wako kiwanda cha minofu ya samaki, upande wa chumba cha barafu. Kiwanda kinawapa buti na glovu za mpira. Mengine kila mtu ajitafutie.

Nimepigilia misumari karibu na mlango wa uani. Juu kofia za sufi, katikati koti, chini glovu, zimefungwa pamoja kwa uzi isije moja ikapotea. Soksi kwenye maboksi ya sabuni, kila mtu na lake. Nilikaa stoo ya kiwanda cha nguo miaka kumi na moja kabla hawajatupunguza. Kupanga najua. Baba Hellen alisimama akaangalia, akasema kilichobaki ni leja tu. Nikacheka.

Glovu za baridi tunazo pea nne. Tatu za sufi, za kawaida. Moja ya ngozi nyeusi, ndani ina manyoya. Hiyo niliipata sokoni Mlango Mmoja kwa Liaqat, anayefungua mabelo ya mitumba. Alikuwa ameitupa pembeni, akasema hizi ni za Wazungu wa kuteleza kwenye theluji, hapa nani atazitaka.

Nimetangaza wakati wa kula: za ngozi ni kwa zamu. Wiki ijayo Hellen, inayofuata Ng'washi. Wakaitikia wote.

Jumapili, 2 Novemba

Baada ya ibada Ng'washi kasuka vichwa vinne barazani. Mistari midogo midogo, imenyooka kama imepigwa rula. Vidole vyake haviangalii, vinakwenda tu, na huku anapiga soga. Mwaka wa pili huu tangu atoke Nansio, kisiwani, kuja kukaa kwa kaka yake. Anasema mwakani ataacha barafu, apange kibanda karibu na stendi, aandike jina lake juu ya mlango. "Wifi, wewe utakuwa unawapokea wateja. Una sura ya ofisi."

Jumapili, 9 Novemba

Hellen anakohoa tangu juzi. Kikohozi kikavu, cha kifuani.

Kesho ni zamu ya Ng'washi kuvaa za ngozi. Jioni nimezitundika kwenye msumari wake. Baadaye nimezirudisha kwa Hellen.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwambia Ng'washi asubuhi: mwenzio anaumwa, wiki hii mwachie. Akasema, "Sawa, wifi." Basi. Hakukunja uso. Akavaa za sufi akatoka.

Nguo hazikauki. Kamba ya uani haina kazi. Ndani kunanuka sufi mbichi na sangara.

Jumatano, 12 Novemba

Siwezi kuandika sana. Ng'washi kaletwa saa tisa mchana na mwenzake wa kazini, binti anaitwa Shimba. Mikono ameishika mbele kama si yake. Vidole vya mkono wa kulia vyeupe. Vyeupe kama mshumaa! Vigumu. Nikavigonga, nikasikia kama nagonga kijiti. Shimba anasema lori la uwanja wa ndege lilikuwa linasubiri, wakaambiwa wasitoke mpaka maboksi yaishe. Kawaida wanakaa dakika ishirini, wanatoka kuota jua. Leo karibu saa mbili nzima.

Nikawasha jiko la mkaa, nikamweka mikono juu. Mwanzoni hakusikia kitu. Halafu akaanza kupiga kelele.

Alhamisi, 13 Novemba

Hospitali. Malengelenge makubwa, mengine yana damu. Daktari alitugombeza kwa ajili ya lile jiko — mkono usiosikia hauoti moto, unaungua. Nani angetufundisha? Yeye mwenyewe kakiri: miaka kumi na tano yuko Mwanza, ugonjwa huu kauona kitabuni tu. Anasema tusubiri, mwili utaonyesha wenyewe kipi kinaishi na kipi kinakufa.

Akauliza: glovu hakuvaa? Shimba, aliyetusindikiza, akajibu alivaa. "Kavu?" Shimba akasema hajui.

Mimi najua.

Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuandika. Jana alfajiri nilizishika pea zote za sufi. Mbili zilikuwa zinatiririka. Ya tatu ilikuwa mbichi kwa ndani, kwenye vidole. Si unyevu tu — ukiminya, maji yanatoka. Nikaigeuza upande mkavu juu. Nikaifunga na uzi wake vizuri. Nikaitundika kwenye msumari wa Ng'washi. Na za ngozi, kavu, zina joto, zilikuwa kwa Hellen, na Hellen alishaacha kukohoa tangu Jumanne.

Alishaacha. Nilimsikia hakohoi. Sikubadilisha.

Jumatano, 19 Novemba

Vidole vitatu vimerudiwa na rangi. Cha shahada na cha kati vimekuwa vyeusi kuanzia kwenye kucha.

Nambadilisha kitambaa asubuhi na jioni. Namlisha. Namfunga vifungo vya blauzi. Majirani wanasema wifi wa namna hii hakuna, wengine wangemrudisha Nansio kwenye meli ya kwanza. Mama mmoja wa kwaya kanishika bega akasema Mungu ananiona.

Ndiyo. Ananiona.

Jumapili, 23 Novemba

Wanawake wawili walikuja kusukwa, hawajapata habari. Ng'washi akawatolea mkono kitambaani. Wakasema pole, wakakaa kidogo, wakaondoka. Yeye alibaki barazani mpaka chakula kikapoa.

Alhamisi, 27 Novemba

Hellen karudi kutoka kazini, kazivua glovu za ngozi, hakuzitundika. Kaniwekea mapajani.

"Mama, wiki ile ilikuwa zamu ya shangazi."

Nikamwambia ale, ugali unapoa. Akasema hana njaa. Kuanzia kesho anavaa za sufi, na kazikausha mwenyewe kwa pasi, hakusubiri nimpe.

Jumatatu, 1 Desemba

Wamekata. Cha shahada hadi kiungo cha pili. Cha kati hadi cha kwanza.

Baba Hellen alitoka nje ya wodi akasimama kwenye mvua bila kujikinga. Mwanamume mzima, seremala, mikono ndiyo maisha yake. Aliporudi akasema: nitakwenda kiwandani. Hawa watu watamjua dada yangu kwa jina.

Jumatano, 3 Desemba

Kaenda. Kaonana na ofisa utumishi, Bwana Nkwabi. Amesema uongozi unasikitika, ila unaona mfanyakazi alijitakia, huenda aliingia na vifaa visivyofaa. Baba Hellen kamwambia: kwangu vifaa vinapangwa kuliko stoo ya jeshi, njoo uone mwenyewe! Mke wangu alikuwa mtunza stoo!

Basi bwana huyo anakuja Jumatatu. Ikionekana vifaa vilitoka nyumbani vikiwa sawa, kosa ni la kuwafungia ndani kwa saa mbili. Matibabu yatakuwa ya kiwanda, na Ng'washi atahamishiwa kwenye mizani, nje ya barafu. Ikionekana vilitoka nyumbani vibovu, basi, kazi hana.

Ninachotakiwa ni kuandika maneno mawili na kuweka sahihi.

Baba Hellen kasema haya kwa furaha. Wiki tatu sijamwona na uso ule. Nikasema sawa.

Ijumaa, 5 Desemba

Nageuza, nageuza. Nikisema kweli, moyo wangu unapata nafuu, na Ng'washi ndiye anayepoteza kazi. Nikinyamaza, Ng'washi anapona — na mimi napona pamoja naye, bila jasho. Njia ya kumsaidia na njia ya kujificha ni moja. Zingekuwa mbili ningechagua.

Na saa mbili zile ni kweli walizifanya. Hilo si uongo. Waliwafungia.

Lakini Shimba alikuwa humo humo saa zile mbili, na Shimba ana vidole kumi.

Jumapili, 7 Desemba

Nimemwambia.

Sikwenda kanisani, na yeye hakwenda. Nilikuwa namfumua nywele, maana hawezi tena kujifumua mwenyewe. Kakaa kwenye kigoda, kanipa mgongo. Labda ndiyo maana niliweza, sikuuona uso.

Nikasema, "Wifi, zile glovu zilikuwa mbichi tangu hapa nyumbani."

Hakugeuka. Nikaendelea kufumua msuko mmoja. Halafu:

"Najua."

"Unajua?"

"Si nilizivaa mimi? Maji yaliniingia kwenye kucha kabla sijafika barabarani."

"Sasa mbona hukurudi? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, wifi? Kwamba nataka zamu yangu? Ulishaniambia mwenzio anaumwa. Na mwenzangu hakuwa anaumwa tena, tunalala chumba kimoja. Nikaona umechagua. Mtu anayekaa kwa watu haulizi mara mbili."

Mikono yangu ilisimama kichwani mwake. Akasema endelea, usiniache nusu.

Nikaendelea. Machozi yakawa yanamdondokea shingoni, hakuyafuta. Nikaanza: "Ng'washi, nisa—"

"Hapana, wifi." Hakupaza sauti. "Leo usiniombe msamaha. Kesho huyo bwana anakuja, nami nataka ile kazi ya mizani. Nitasema zilikuwa kavu. Ukiniomba leo nitalazimika kukwambia yamekwisha, na hayajaisha. Nina mkono huu wa kuishi nao. Uniache nao kwanza."

Nikamaliza kichwa chote. Alipoinuka akasema, "Asante, wifi," kama kawaida. Kisha akamwita Hellen aje amchane.

Jumatatu, 8 Desemba

Wako sebuleni. Nimesema naingia chumbani kubadili kitenge. Nimekaa kitandani naandika.

Bwana Nkwabi ni mtu mpole, si kama nilivyomfikiria. Kavua viatu mlangoni kwa sababu ya tope. Alimpa Ng'washi pole kwa mikono miwili, akashtuka alipokosa pa kushika. Baba Hellen akamwonyesha ukuta, kofia, makoti, maboksi ya soksi. Akavipapasa. Akasema, "Mama, hata sisi kiwandani hatuna mpangilio huu." Nikaitikia asante. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine.

Karatasi imeshaandikwa, kaja nayo. Amenisomea. Mimi Dorcas Mashimba, mtunzaji wa vifaa hivyo nyumbani, nathibitisha kwamba siku ya tarehe 12 Novemba vilitoka vikiwa vizima na vikavu. Pengo la sahihi chini.

Sasa anamhoji Ng'washi. Ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu.

Anauliza: asubuhi ile glovu ulipewa na nani?

"Na wifi."

Zilikuwa katika hali gani?

Nasikia matone ya paa yakiingia kwenye ndoo. Hellen anakohoa kidogo, kukohoa kwa kusafisha koo tu.

"Zilikuwa kavu," anasema Ng'washi.

Una uhakika, dada?

"Muulize wifi. Yeye ndiye aliyezishika."

Kiti kinasogezwa. Baba Hellen anasema atoe kalamu basi, mama Hellen anakuja kusaini. Bwana Nkwabi anajipapasa, anasema ya kwake imelowana kwenye mvua, haiandiki. Baba Hellen anacheka — anacheka! — anasema hamna shida, ipo ndani.

Baba Hellen yuko mlangoni. Anaomba kalamu. Nyumba nzima kalamu ni hii moja, na bado naandika.