Hawakuisoma Insha Yako

Mukendi, ndugu yangu,

Hawakuisoma. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza mara ya mwisho, pale stesheni, na mimi nikakujibu bila kujua. Insha yako ya mtihani wa kuingia lisansi, shahada ya chuo kikuu, ile iliyokukaa moyoni mpaka ukafa, hakuna aliyeisoma. Nimejua wiki hii.

Nikueleze vizuri. Vita vimerudi, njia ya Lubumbashi haiaminiki, kwa hiyo mtihani umefanyiwa hapahapa Kamina. Na mimi, kwa kuwa ni mwalimu mwenye lisansi, nimeitwa kusahihisha. Ungecheka. Ndege za jeshi zinapita juu ya bati, sisi tumeinamia insha. Nchi wameipa jina jingine, lakini karatasi bado hakuna. Mtahiniwa anakuja na zake mwenyewe, zinapigwa muhuri mlangoni, na muhuri ukishafungiwa hakuna kuongeza.

Unaikumbuka mvua ya siku ya mtihani wetu. Nilifika karatasi zangu zimelowa, sekretari akakataa kuzipiga muhuri. Wewe ulikuwa na tatu, zile kubwa za kukunja, baba yako alizozipata kwa shida kazini kwake reli. Ukanipa mbili. "Kamata, ndugu. Weye maneno yako inapenda kutembea. Miye moja inanitosha."

Na ndiyo yalikuwa mabishano yetu miezi yote ile, barazani kwenu, tukitafuna mihogo ya mama yako: insha iwe ndefu kiasi gani? Mimi nasema jaza, wakubwa wanapenda kuona umetoka jasho. Wewe unasema wazo likiisha weka kalamu chini, mwenye kusahihisha naye ana njaa. Mama yako akatucheka: "Bantu bakubwa, munagombana juu ya makaratasi!"

Mimi nikakubaliwa, wewe ukakataliwa. Halafu wenyeji wa mkoa wetu wakaanza kuwafukuza watu wenye asili ya Kasai, na majirani waliokula kwenu wakaja kusimama mlangoni pa baba yako. "Mwende kwenu!" Kwenu wapi? Ulizaliwa hapa, ulibatizwa hapa, Kasai uliisikia kwa wazazi tu. Nawaona sokoni, nawasalimu, lakini sijawasamehe.

Mkalala nje stesheni mkingoja treni isiyokuja, mvua inawanyea, kuhara kukawaingia watu. Nilikuletea bukari, ugali wetu, hukugusa. Macho yalishaingia ndani na bado ulikuwa unauliza: "Banza, sema kweli. Disertasyo yangu ilikuwa mubaya?" Nikasema hapana, insha yako haikuwa mbaya. Ukaniangalia, na nikaona huniamini, kwani ningejuaje? Treni ilikuja tumeshakuzika. Mama yako alipanda bila wewe.

Basi wiki hii tumekaa mezani, na mkubwa wetu, yuleyule aliyesahihisha mwaka wetu, akaanza kuzipima insha kwa mkono bila kuzifungua. Nene huku, nyembamba kule. "Hizi za karatasi moja, musipoteze wakati. Muntu wa akili anajazaka. Siye njo vile tunafanyaka tangu zamani."

Nikamuuliza kama hata mwaka wangu walifanya hivyo. "Sasa je?" akasema, akarudia chai yake.

Mukendi, niliweka kalamu chini. Sijui hata uliandika nini. Hakuna anayejua. Ulihangaika na neno lipi ulikosea, sentensi ipi ilikuwa dhaifu, kumbe mtu alishika karatasi yako, akaona ni nyepesi, akaitupa upande. Namchukia. Naandika hivyo bila haya, namchukia.

Najua, lisansi isingewazuia wale wa mlangoni. Wangekufukuza na diploma yako mkononi. Lakini ungeondoka bila kujidharau. Hata hilo walikunyang'anya, na si kwa ubaya hata, kwa uvivu tu.

Nikalivuta rundo la nyembamba mbele yangu. Akacheka: "Kama unapenda kuteseka, soma." Nimesoma zote. Nyingine ni ovyo kabisa, sikudanganyi. Lakini moja imeandikwa kwa herufi ndogo, inasema jambo lake, inalithibitisha, inakoma. Nimeipa alama inazostahili. Kesho mkubwa ataikataa na tutagombana mbele ya wote, na nitagombana kila mwaka watakaponiita. Wasiponiita tena, nitasimama nje ya mlango na karatasi kavu, kabla ya muhuri, nimpe atakayekosa. Hiyo ni ahadi, na wewe unajua mimi ni mbishi.

Lala sasa, ndugu yangu. Ile "hapana" niliyokuambia stesheni ilikuwa ya kukutuliza. Jibu la kweli ndilo hili: hukushindwa, kwa sababu hakuna aliyekupima.

Nimekuandikia kwenye karatasi moja ya kukunja, mimi ambaye maneno yangu yanapenda kutembea. Nimesema yote, na upande wa mwisho umebaki mweupe. Moja ilikuwa inatosha, Mukendi.

Banza