Aliyekosekana Mbele ya Foleni

Nakuru, Jumanne

Kwa ndugu yangu Jamleck,

Natumai joto la Doha limepungua. Kule nyumbani Molo wanachimba viazi, na Mama bado anakataa kuvaa miwani.

Kile kitabu changu cha katuni za mizimu kinapelekwa kuchapishwa Ijumaa. Hadithi zote ni zangu, lakini wachoraji ni watatu na kila mmoja ana kichwa chake. Mizimu ya Chesang ni myeusi tii, imejaza ukurasa mzima. Mzimu wa Kinyanjui amevaa gambuti, ungedhani anaenda kukamua ng'ombe. Tuligombana wiki nzima, mwishowe nikamwachia.

Kibii ndiye alinishinda. Nilimpa hadithi ya mzee aliyezikwa bila kuagwa na mtoto wake mmoja, sasa anarudi shambani kila asubuhi ya ukungu. Unajua nilikoitoa. Niliandika tu kwamba watoto walirusha udongo kaburini. Yeye akawapanga foleni kwa umri, vile sisi hupangwa, na pale mbele anaposimama mtoto wa kwanza, mahali pako, akaacha wazi.

"Si uchore mtu hapo," nikamwambia.

"Wachuka, nikichora mtu hapo, mzee atakuwa anarudi kumtafuta nani?"

Nilimpelekea Mama hiyo picha Jumapili. Aliitisha miwani mwenyewe. Akaweka kidole pale wazi, kisha akasema nikuandikie kwamba kaburi la Baba bado hatujalitia simiti, udongo wako bado utaingia.

Dadako,
Wachuka