Brashi za Macho kwa Mama Mghoi

Kisumu,
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpenzi, Mama Mghoi,

Nakusalimu kutoka huku ziwani. Mimi ni mzima, na kifua kimeacha kunisumbua tangu nihamishe makopo ya rangi kutoka chumbani. Je, wewe? Mguu wa mama umepoa? Na Mghoi, bado anakataa uji mpaka utiwe ndimu? Nawawaza kila asubuhi nikichemsha chai.

Barua yako ilinikuta Usenge, nilikokuwa nikipaka rangi mashua mpya ya mzee Okoth. Mistari minne tu, mke wangu. Kwamba zile brashi za macho nilizokutumia zilimwaga nywele. Kwamba unywele mmoja ulimwingia bibi harusi jichoni wewe ukimalizia kumpamba, jicho likavimba, akaingia kanisani amejifunika shela. Kwamba shangazi yake anawaambia wanawake wa Voi urudi kusuka tu, kupamba hukuwezi. Na kwamba umefunika kioo cha saluni kwa leso, ukamkatalia hata yule mwalimu anayeolewa Desemba. Niliisoma nikaweka kopo chini. Akina mama waliokuwa wakianika omena, dagaa wa huku, wakaniuliza kama nimepata habari za msiba. Nikasema hapana, lakini siku hiyo sikuweza tena kuandika herufi hata moja kwenye ile mashua.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikukwambia. Brashi zile sikuzijaribu. Mimi ambaye sinunui brashi ya mashua bila kuivuta nywele na kuipiga kwenye goti, hizo nilizichukua kwa mchuuzi pale stendi kwa sababu ya mkoba wake mwekundu wenye kioo ndani. Niliwaza tu vile utakavyoufungua. Kosa si lako hata kidogo.

Jana Jumamosi nikaenda kwa Mama Akinyi, aliye na chumba nyuma ya duka la vitambaa karibu na soko la Jubilee. Huyo ndiye anayewapamba maharusi hapa mjini, na wanafunzi wa Maseno pia wakiwa na michezo yao ya kuigiza. Alikuwa na wateja wawili wanaosubiri nywele zikauke. Nikavua kofia, nikamweleza yote.

"Bibi yako ako Voi," akasema, "na wewe ndiye unataka kufunzwa?"

"Ndiyo, mama. Nifunzwe, nimwandikie."

"Basi kaa hapo. Huwezi kuandika kitu uso wako haujui."

Wale wateja wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nikakaa.

Alianza na brashi zenyewe. Akanipa sita, nikazipitisha mgongoni mwa mkono, nikasema zote ni laini.

"Mkono wako ni ubao, Bwana. Hausikii kitu."

Akanifumbisha macho, akazipitisha moja moja kwenye ngozi ya juu ya jicho. Hapo nikajua. Mbili zilichoma kama nyasi kavu, moja ilikwaruza ukingoni, tatu hazikuwa na neno. Kwa hiyo usipime brashi mkononi tena, pima jichoni. Halafu ivute nywele taratibu, na zikitoka hata mbili, irudishe dukani. Shika pia ile pete ya bati inayofunga nywele kwenye mti. Ikizunguka, ujue gundi ni mbaya. Ile nyembamba ya wanja ilowanishe: ikijikusanya ikawa ncha moja, chukua, ikitawanyika kama ufagio, achana nayo.

Kisha akanipamba jicho la kushoto, lile pambo zito ambalo maharusi wa siku hizi wanalitaka, nami nikikariri moyoni. Kahawia ndiyo ya kwanza, pale ngozi inapokunjika juu ya jicho, kwa brashi nene kidogo na mkono mwepesi. Kabla hujagusa uso, gonga mti wa brashi kwenye kidole ili unga uliozidi udondoke, la sivyo utamwagikia mashavuni. Nyeusi inakaa kwenye kona ya nje peke yake, na uiongeze kidogo kidogo, maana ukiiweka yote mara moja, bibi harusi ataonekana kama aliyepigwa. Halafu pitisha brashi safi, isiyo na rangi, pale hizo mbili zinapokutana, mpaka usiweze kusema kahawia imeishia wapi. Hilo nililielewa upesi, kwa sababu hata ubavu wa mashua tunaupaka safu nyembamba nyembamba. Dhahabu ni ya katikati, na Mama Akinyi huiweka kwa ncha ya kidole. Mwisho ni wanja. Uuchore mteja akiwa ametazama mbele. Ukiuchora amefumba, akifumbua mstari utakuwa umehama.

Alipofika kwenye wanja alinishika kidevu. Mama Mghoi, tangu niondoke hapo baada ya Pasaka hakuna mtu aliyenigusa uso. Macho yakajaa machozi. Akadhani ni wanja unaniwasha, akasema, "Usilie, utaniharibia kazi." Nikatazama mbele.

Ndipo mzee Okoth akaingia. Alikuwa amekuja mjini kununua nyavu, akaambiwa niko huku. Akasimama mlangoni, akatazama jicho moja, akatazama la pili.

"Mwakio, nani amekufanya hivi?"

"Najifunza kwa ajili ya mke wangu, mzee."

Akatikisa kichwa, nami nikajua kazi ya mashua imeniponyoka. Kisha akasogea karibu, akainama.

"Hiyo ya dhahabu," akasema, "jina la mashua yangu uliandike na hiyo."

Mama Akinyi alinipeleka mwenyewe kwenye duka anakonunua. Nilizijaribu brashi zote jichoni, mbele ya watu, na tano ndizo nilizozichagua. Zioshe kwa sabuni ya kipande na maji vuguvugu, uzilaze zikauke, usizisimamishe zikiwa na maji. Anakuja nazo mwinjilisti wetu anayesafiri kwenda Mombasa Jumanne, atapita hapo Voi. Ziko ndani ya mkebe wa biskuti.

Humo mkebeni kuna barua nyingine, ya yule bibi harusi. Nimemwomba msamaha, nikamweleza kwamba aliyezinunua brashi bila kuzipima ni mimi, na mkono wako haukukosea kitu. Mpelekee mwenyewe, na ikiwezekana isomwe shangazi yake akiwepo. Halafu toa ile leso kwenye kioo, umwite mwalimu aje umjaribu mapema.

Nisalimie mama, umwambie asiuchoshe mguu. Nisalimie kaka yako wa Mwatate, mama mchungaji, na jirani yetu fundi seremala aliyekutengenezea kiti cha wateja. Mghoi mbusu mashavu yote mawili.

Leo kanisani mama mmoja wa kwaya ameniuliza nani amenipiga ngumi, maana wanja haujatoka wote kwa sabuni. Nikamwambia nimepambwa. Akanishika mkono, akaniombea.

Ni mimi mumeo akupendaye,
Baba Mghoi