Yaya wa Sehemu ya Mwisho

Miska, uko? Nimejifungia chooni kazini.

Nilikuwa nawamiminia waandishi wenzangu chai kama kila asubuhi. Bosi wetu Harriet akasema mchezo wetu wa redio unabadilishwa mwisho, maana waliosoma kitabu tulichoutoa wanamjua muuaji. Sasa muuaji awe yaya.

Yaya, shoga! Kitabuni hana hata jina. Mimi ndiye niliyempa jina, Rukia, na maneno ya kusema.

Harriet akanigeukia, "Zainab, unaonaje?"

Nikasema sawa. Wallahi, nilisema sawa!

Nikafika mlangoni na birika langu, nikarudi.

"Si sawa. Huyu Rukia nimemtoa kwa bibi yangu. Bibi kalea watoto wa watu hapa London miaka thelathini. Mimi siandiki kwamba ameua mtu."