Kituo cha Basi Nilichotaka Kiondolewe

Mshauri mpendwa,

Nimeisoma safu yako miaka mingi, mara nyingi nikiwa nimekasirika, lakini leo ni mimi ninayekuomba unishike mkono, kwa sababu nimefikwa na jambo ambalo siwezi kulipeleka kwa rafiki yangu, maana rafiki yangu ndiye nusu ya jambo lenyewe.

Nina duka la viatu na sare za kazi katika mtaa wa Clay, katikati ya mji wetu wa Wexmoor, duka alilolianzisha marehemu baba yangu, na kwa miaka tisa nimekuwa mwenyekiti wa chama cha wenye maduka wa mtaa huu, na kama umewahi kuona barua zetu kwa baraza la mji basi unajua tulikuwa tukidai nini: kile kituo cha basi kilichokuwa mbele ya kioo cha duka langu, hatua chache tu kutoka mlangoni, kiondolewe na mahali pake paegeshwe magari, kwa kuwa tuliamini, na mimi niliamini kuliko wote, kwamba biashara ya katikati ya mji inakufa kwa kukosa mahali pa kuweka gari, na kwamba wanaoshuka kwenye basi wanashuka ili wasubiri basi jingine, wanaegemea kioo cha duka, wanamwaga kahawa, hawanunui kitu. "Watu wa kusimama, si watu wa kununua." Maneno hayo ni yangu, niliyaandika kwa mkono wangu.

Mwaka juzi mji ukaamua kuufufua mtaa wa Clay. Lile duka kubwa la ghorofa nne lililofungwa likaanza kugeuzwa nyumba za kupanga, mabomba ya maji ya enzi za babu zetu yakafukuliwa, barabara yote ikachimbwa, na kituo kikahamishiwa kwa muda mtaa wa Depot, kona nne kutoka kwetu. Siku kibanda cha kituo kilipopakiwa kwenye lori mimi na Lyle tulikula keki. Lyle ni jirani yangu, anauza makochi na vitanda, na huyu, mshauri, si rafiki wa salamu tu, maana mke wangu Marlys alipolazwa wiki saba mpaka Mungu alipomchukua, Lyle alikuwa akifungua duka lake asubuhi kisha anakuja kulifungua langu, akauza viatu asivyojua hata namba zake, na theluji ya mlangoni kwangu aliisukuma yeye, wala hakuniambia, niliambiwa na watu.

Ile keki ilitutokea puani. Wiki ya kwanza mlango wangu haukufunguliwa na mtu isipokuwa fundi bomba mmoja aliyeomba choo. Wiki ya pili vilevile. Nikasema ni vumbi, ni kelele za tingatinga, watarudi. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, theluji ikianguka juu ya matope, nikaona kupitia kioo bibi mmoja mwenye kofia ya sufu ya rangi ya machungwa anavuka mtaro juu ya ubao kwa mkongojo wake, na nyuma yake wanawake wanane na mwanamume mmoja wamefuatana kama bata. Alikuwa Bi Odette Lachance, aliyefanya kazi miaka thelathini katika chumba cha kufulia cha hospitali, viatu vyake vyote vya kazi alivinunua kwa baba yangu na kisha kwangu, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza anafikaje dukani. Akajikung'uta theluji, akasema, "Wendell mwanangu, funga mdomo, baridi itakuingia. Nimekuletea watu. Huyu anataka viatu visivyoteleza, hawa watatu wanaanza kazi ya jikoni Jumatatu, na huyu bwana hataki kitu, amekuja kunishika nisianguke."

Yule bwana naye aliondoka na jozi mbili za soksi.

Ikawa desturi. Kila Alhamisi saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi ya hospitali ikitoka, Bi Odette alisimama kwenye kituo cha Depot akiwa ameshika kipande cha boksi alichokiandika kwa rangi, "Viatu vya kazi bado vipo Clay, nifuateni," akawaongoza kona nne, akiwaonyesha ubao upi umeoza na upi mzima, na hivyo hivyo kwa miezi kumi na minne, jua na theluji. Duka langu liko wazi leo kwa sababu hiyo na si kwa sababu nyingine. Nilijaribu kumpa jozi ya viatu, akakataa, akasema hajawahi kuvaa kiatu cha bure na hataanza uzeeni.

Mwezi uliopita barabara ikafunguliwa, lami mpya, miti midogo imepandwa, na mimi kwa mazoea nikaanza kumlalamikia kwamba mji umetubakishia nafasi saba tu za magari, sasa wateja wataegesha wapi. Bi Odette alikuwa anafunga kamba za kiatu. Hakuinua hata kichwa. "Hiyo nafasi ya mbele ya mlango unayoililia, Wendell, mbona kila nikipita ina pikapu yako? Na inayofuata ina gari la Lyle. Mteja akaegeshe juu ya paa?"

Nikaenda kioo cha mbele nikatazama. Nafasi saba, magari saba, na yote nayajua kwa majina ya wenyewe, kwa sababu wote ni wanachama wangu. Kila siku saa mbili unusu asubuhi tunawahi, kila mtu mbele ya mlango wake, kama baba zetu walivyofanya, kwa sababu gari la mwenye duka likiwa nje watu wanajua duka liko wazi. Miaka tisa nimelilia nafasi niliyokuwa nimeikalia mwenyewe.

Sasa, mshauri, Alhamisi ijayo baraza la mji linafanya kikao cha wazi kuamua: kituo kirudi mbele ya duka langu na kibanda kipya na benchi, au kipelekwe moja kwa moja kule kwenye barabara kuu, nje ya mji, kwenye uwanja wa duka jingine kubwa la huko, na wakishushwa huko Bi Odette na mkongojo wake hawatafika Clay tena, wala wale wa hospitali. Barua ya chama ya kutaka kituo kisirudi iko tayari, ina yale maneno yangu ya "watu wa kusimama" na sahihi yangu, na mimi ndiye wa kuisoma. Bi Odette hajui. Anadhani niko upande wake, juzi amenituma nimwekee kiti mstari wa mbele, tukae pamoja, yeye akichoka kusimama nimalizie mimi.

Na Lyle ameshaona kwamba nasitasita. Mwanzoni alinitania, akasema nikiwageuka ninunue kabisa kochi la mtu mmoja kwake, maana nitakaa peke yangu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nilikufungulia duka wiki saba, Wendell, na sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba hiki."

Nina shukrani mbili na zinanivuta huku na huku. Nisome barua? Nijifanye mgonjwa siku hiyo, asome mwingine? Niambie, nami nitakusikia.

Ni mimi, mwenye viatu wa mtaa wa Clay.

*

Bwana Viatu,

Pole kwa msiba wa mkeo. Na hongera, maana wenye maduka wengi hufunga milango wakiwa wanalaani watu waliokuwa wanawalisha, wewe umewajua wako ukiwa bado na funguo mkononi.

Pole imetosha. Sasa nikuseme.

Miaka tisa! Nimebishana na chama chenu humu gazetini mpaka mmoja wenu akaniita mchochezi nisiye na hata kibanda cha karanga. Nimesoma rafu nzima ya vitabu juu ya miji, nikavinukuu hadi mhariri akaniomba nipumzike, na hakuna hata ukurasa mmoja uliokugusa. Bibi mwenye kofia ya machungwa amekuangusha kwa swali moja huku akifunga kamba za kiatu. Nakiri kwamba nimeona wivu. Nakiri pia kwamba nimefurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima, kwa sababu sikuwahi kupata barua kutoka kwa mtu wa chama chenu iliyoanza kwa hasira na kuishia kwa asante.

Unasema shukrani zako mbili zinavutana. Uongo. Lyle aliufungua mlango wako ulipokuwa huwezi kuufungua. Odette aliuletea watu ulipokuwa huna wa kuuingia. Wote wawili walikuwa wanalihangaikia duka lilelile, na laiti wangejuana wangekuwa marafiki. Kinachokuvuta ni woga, na woga huo umeuvalisha nguo za heshima ili upite mlangoni.

Rafiki akikuomba shati, mpe. Akikuomba ulale kwenye kiti ili yeye alale kitandani, lala kwenye kiti. Lakini akikuomba usimame mbele ya mji mzima uwaite watu waliokuokoa "watu wa kusimama," hapo hakuombi fadhila irudi, anakuomba uitupe. Wiki saba za Lyle ni kitu kikubwa mno kulipwa kwa uongo. Mlipe kwa ukweli, naye atakasirika, kisha siku moja atakoma kukasirika, kwa sababu mtu anayesukuma theluji ya mwenzake kimyakimya si mtu wa kununa hadi kaburini.

Wala usimdharau. Lyle ana hoja. Hakuna anayepanda basi na kochi. Lakini hakuna anayeliweka kwenye gari dogo pia, makochi yake huondoka kwa gari lake la mizigo kupitia kichochoro cha nyuma, ambako, kama sijasahau, mapipa ya taka ya mtaa mzima yameziba njia. Basi ukisimama Alhamisi, omba na hilo: mapipa yahamishwe, nyuma pawe pa kupakia mizigo. Uliombe wewe, kwa jina lake, kabla hujataja kituo. Umpe rafiki yako anachokihitaji, si anachokidai.

Bi Odette ndiye kazi ngumu. Usithubutu kukaa naye mstari wa mbele kabla hajaisikia barua ile kutoka kinywani mwako, yote, pamoja na sentensi unayoionea haya. Msomee dukani, mlango ukiwa umefungwa. Atakutazama vibaya, ana haki. Usimpe viatu. Usimpe keki. Mwombe radhi, kisha umwombe ruhusa ya kukaa karibu naye, na akikunyima, kaa nyuma, na useme uliyokuja kusema ukitokea huko nyuma. Shukrani inayonong'onezwa dukani haimkingi mtu na theluji akisubiri basi. Itamke mbele ya madiwani, wakiandika.

Na kuhusu kujifanya mgonjwa siku hiyo, bwana, umri wako hauruhusu.

Kabla ya Alhamisi fanya jambo moja dogo. Weka kopo karibu na meza ya kulipia na kila mteja muulize amefikaje, kisha utie kifungo cha shati: cha buluu kwa aliyekuja kwa basi au kwa miguu, cheupe kwa aliyekuja kwa gari. Usihesabu. Lipeleke kopo barazani lilivyo, ulifunue mbele yao. Na ile pikapu iegeshe nyuma kuanzia leo, mlango utafute namna nyingine ya kuonyesha kwamba uko wazi. Kuna kitu kinaitwa taa.

Mimi nami nina asante yangu. Mama yangu alinilea kwa basi namba nne. Nilipopata kazi yangu ya kwanza, ya kuosha sahani, tulishuka kwenye kituo hichohicho, tukaingia duka lililokuwa mbele yake, na muuzaji, mtu mnene mwenye sauti ya chini, akapiga goti akanifunga kamba kana kwamba naenda kuwa gavana. Mama aliizungumzia siku ile mpaka alipokufa. Kama yule alikuwa baba yako, basi jua kwamba hakuwahi kutuuliza tumefikaje, kwa sababu alituona tukishuka.

La mwisho. Majina nimeyabadili yote, lakini mji huu haujawa mkubwa kiasi hicho. Gazeti hili linatoka Jumamosi, na rafiki yako, kama wenye maduka wote, atalisoma dukani akisubiri mteja, atajitambua kabla kahawa yake haijapoa. Hapaswi kuyasikia haya kwangu kwanza. Ikiwa unasoma na bado hujasema naye, weka gazeti chini. Saa mbili unusu unajua pa kumpata: atakuwa anaegesha gari mbele ya duka lake. Wewe nenda kwa basi, ushuke Depot, utembee zile kona nne. Ukifika utakuwa umeshajua pa kuanzia.